Mchezo wa Mikuki katika Kisiwa cha Sumba

Katika nchi ya Indonesia, upande wa kusini mashariki, kiko kisiwa kiitwacho Sumba. Wenyeji wake ni wakulima wa mpunga na mahindi, tena ni wafugaji wa nyati na farasi. Farasi wao ni wafupi wa kimo, lakini ni wepesi na wavumilivu, na tangu zamani walichukuliwa kwa merikebu wakauzwe katika visiwa vingine. Upande wa magharibi wa kisiwa hicho, kila mwaka katika Februari na Machi, huchezwa mchezo uitwao Pasola, katika nchi za Kodi, Lamboya, Wanokaka na Gaura. Vikosi viwili vya wapanda farasi hukabiliana uwanjani, wakatupiana mikuki ya miti farasi wakiwa mbioni. Jina la mchezo latokana na mkuki wenyewe, ambao huitwa hola.

Wengi walioandika habari za mchezo huu wamesifu mbio na ushujaa. Wengine wamelaumu damu imwagikayo. Sisi twaona ya kuwa wote wameshika hadithi katikati. Pasola haianzi uwanjani, huanza baharini.

Wako minyoo wa bahari waitwao nyale, ambao hupanda juu ya maji usiku, siku chache baada ya mwezi mpevu, wapate kuzaana. Makuhani wa dini ya asili ya Marapu, waitwao rato, huhesabu miezi na kuingojea siku hiyo. Alfajiri hushuka pwani kuwatazama nyale. Wakiwa wengi na wazima, ni dalili ya mavuno mema. Wakiwa wachache au wamekatikakatika, watu huogopa njaa. Nyale huchotwa na kuliwa, ndipo wapanda farasi hupata ruhusa. Tena huko Kodi, kabla ya siku hiyo hutangulia majira ya kimya, mbegu zikiwa shambani: upatu na ngoma hazipigwi. Basi kelele ya Pasola ni kimya kilichofunguliwa. Mtu asiyekijua kile kimya na aitazame kelele peke yake, ni kama msomaji aliyesoma ubeti wa mwisho wa utenzi, kisha akajiona ameusoma wote.

Wazee wa huko husimulia pia asili yake. Mtu mmoja wa Waiwuang, Umbu Dulla, alisafiri pamoja na nduguze, akakawia mno hata watu wakadhani amekufa. Mkewe, Rabu Kaba, akapendana na Teda Gaiparona wa Kodi, wakatoroka pamoja. Umbu Dulla aliporudi, mwanamke alikataa kurudi kwake, ila akamtaka mume mpya alipe mahari aliyokuwa ametoa yule wa kwanza. Mahari ikalipwa. Nao watu wa Waiwuang wakaambiwa wafanye sikukuu ya nyale kwa mchezo wa Pasola, wapate kusahau huzuni yao. Wasomaji wetu wajua vema ni ugomvi wa namna gani huzaliwa na mke aliyetoroka. Hadithi hii yaonyesha uchungu uliotafutiwa uwanja, siku na mipaka, usije ukaenea nchi nzima. Ndiyo sababu aliyeanguka chini hapigwi, na jeraha la uwanjani halilipizwi kisasi nyumbani. Hapo ndipo penye hekima ya mchezo huu.

Lakini haifai tuufunike upande wake wa pili. Imani ya kale yasema ya kwamba damu imwagikayo huirutubisha nchi, na ya kwamba aumiaye au afaye ameadhibiwa na wahenga kwa kosa lake. Serikali imeagiza mikuki isiwe na ncha kali, hata hivyo watu wameumia, na wengine wamekufa; tena mara nyingine watazamaji wamerushiana mawe mpaka polisi wakaingia kati. Katika neno hili la adhabu twatofautiana na wazee bila kuona haya. Mama aliyefiwa na mwanawe uwanjani angepaswa kupewa pole. Imani hii yampa aibu juu ya msiba wake. Desturi iliyozuia kisasi kwa ustadi namna hii haikupaswa kumwachia mfiwa mzigo wa hatia.

Leo watu wengi wa Sumba ni Wakristo, wala farasi hawajaacha kukimbia. Wako wasemao mchezo uachwe wote, na wako wasemao ni urithi tu, hauna tena neno la ibada. Wote wawili wamefanya haraka. Wafuasi wa Marapu wako hai, na mwaka 2017 Mahakama ya Katiba ya Indonesia iliamua ya kwamba wenye imani za asili waweza kuandikisha imani yao katika vitambulisho vyao. Kuwaambia hao kwamba Pasola ni urithi usio na ibada ni kuwasemea jambo wasilolisema.

Kuna na hatari ya tatu, nayo yaja kwa upole. Wageni hupenda kuijua siku mapema, wapate kupanga safari zao. Nyale hawaijui kalenda ya wageni. Siku ikiwekwa kwa ajili ya wageni na rato akaambiwa tu, farasi watakuwapo, mikuki itarushwa na picha zitapigwa, lakini bahari haitakuwa imeulizwa neno. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga wetu. Bali yafaa tuangalie mtunzaji asije akawa ndiye mwenye ngoma.

Hukumu yetu ni hii. Pasola yastahili heshima kwa kimya chake, kwa kungoja kwake, na kwa kuufungia ugomvi ndani ya uwanja. Yastahili lawama kwa neno lake juu ya wafu. Mkristo wa Sumba aweza kuikataa sadaka asiidharau hekima. Nasi tuliozaliwa penye ngoma nyingi, kabla hatujasema hii iachwe na hii ishikwe, kwanza tuwaulize wazee ilianzia wapi.