Sumu Gani Inaondolewa? Uhakiki wa Istilahi za Tiba ya Kusafisha Mwili

Miongoni mwa maandishi ambayo mfasiri wa Kiswahili hukabidhiwa bila kupewa muda wa kuyatafakari ni yale yahusuyo tiba za kigeni. Mojawapo ni tiba ya Kihindi iitwayo Ayurveda, hasa upande wake uhusuo kusafisha mwili. Vipeperushi na mabango yanayoitangaza tiba ya namna hii hurudia maneno yaleyale: "tunaondoa sumu mwilini". Katika makala hii tunakusudia kuuhakiki usemi huo pamoja na istilahi zinazoandamana nao. Kwa maoni yetu usemi huo si tafsiri bali ni ahadi, na ahadi hiyo inaweza kumgharimu msomaji afya yake.

Istilahi haipimwi mezani peke yake. Hupimwa kwa masikio ya watu. Kwa hiyo tumeuchagua mji wa Bomang'ombe kuwa kipimo chetu. Mji huu ni makao makuu ya Wilaya ya Hai, nao uko kando ya barabara kuu itokayo Moshi kwenda Arusha. Juu yake kuna migomba na kahawa ya Machame. Chini yake kuna tambarare za mahindi na mboga. Hapo hukutana mkulima ashukaye mlimani, Mmasai auzaye magome na mizizi, na msafiri anayengoja basi. Tafsiri ikieleweka sawasawa kwa watu hawa watatu, twaweza kuitumaini kwingineko.

Kwanza tuitazame asili yenyewe. Kwa mujibu wa Ayurveda, afya hutegemea uwiano wa nguvu tatu za mwili, yaani vata, pitta na kapha, ambazo kwa jumla huitwa dosha. Zinapozidi kiasi, hutolewa kwa vitendo vitano, panchakarma: mgonjwa hutapishwa (vamana), huendeshwa tumbo kwa dawa (virechana), huingiziwa dawa kwa njia ya haja kubwa (basti), au hutiwa dawa puani (nasya). Kuhusu kitendo cha tano mapokeo hayakubaliani. Mapokeo ya Charaka huigawa basti katika aina mbili, ya maji ya dawa na ya mafuta, na hivyo kutimiza tano. Mapokeo ya Sushruta huhesabu kutoa damu. Kabla ya hayo mgonjwa hunyweshwa samli au mafuta, hukandwa na kufukizwa. Baada yake hulishwa kwa kadiri, akianza na uji mwepesi wa mchele. Mfasiri anayeandika "tiba tano" bila kuzitaja hajamwambia msomaji lolote.

Je, sumu iko wapi katika maelezo hayo? Dosha si sumu. Ni sehemu ya mwili wenyewe, idhuruyo inapozidi au kupungua. Kuna pia ama, yaani mabaki ya chakula ambacho hakikusagika vyema. Ni kweli kwamba vitabu vya kale huilinganisha ama iliyokithiri na sumu, lakini kulinganisha kitu na kingine si kukifanya kiwe kile kingine. Neno la Kisanskriti linaloitaja tiba hii kwa jumla, shodhana, maana yake ni usafishaji tu. Sumu tunayoisoma mabangoni haikutoka India ya kale. Imepitia katika matangazo ya biashara ya nchi za Magharibi, ndipo ikafika kwetu.

Huenda msomaji akauliza: neno moja lina madhara gani? Jibu liko mashambani. Mkulima wa Hai hunyunyizia kahawa yake mrututu, na mboga zake dawa za kuua wadudu. Anaponyunyizia huiita "dawa", lakini kopo huandikwa "SUMU" pamoja na picha ya fuvu. Kwake neno hili si mfano wa maneno. Ni kitu kiuacho, chenye alama yake. Akirudi nyumbani anaumwa kichwa, anatokwa na mate na macho yanafifia, kisha akakumbuka bango lisemalo "tunaondoa sumu mwilini", ataelekea wapi? Ametii Kiswahili sanifu, naye amepotea. Mtu aliyedhuriwa na dawa ya wadudu hahitaji kutapishwa wala kuendeshwa tumbo. Anahitaji hospitali, na upesi. Aidha, uchafu wa kawaida wa mwili huondolewa na ini na figo, na hakuna ushahidi thabiti kwamba tiba hizi huifanya kazi hiyo vizuri zaidi. Zaidi ya hayo, mwaka 2008 watafiti nchini Marekani walitangaza matokeo ya kupima dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwa njia ya intaneti: karibu moja katika kila tano ilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Hizo ndizo sumu kwa maana kamili ya neno.

Sasa tuyatazame maneno tuliyo nayo. Mara nyingi mfasiri hudai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa mambo haya. Dai hilo si la kweli. Tuna kutapisha, ambako kiambishi cha kusababisha kinafanya kazi yake bila utata. Tuna haluli, neno la zamani la dawa ya kuendesha tumbo, na tuna sanamaki na mafuta ya mbarika, ambayo wazee waliyatumia kwa kazi hiyo hiyo. Tuna kukanda, kuchua na kusinga. Tuna kufukiza, na nyungu ambayo mwaka 2020, wakati wa Uviko-19, ilitajwa nchi nzima. Tuna kuumika, yaani kutoa damu kwa pembe, na pembe yenyewe ni chuku.

Hata hivyo kuwa na neno si sawa na kuwa na istilahi. Tuchukue kuharisha. Kwa sarufi, kuhara ni ugonjwa na kuharisha ni kusababisha hali hiyo. Lakini mama wa Bomang'ombe husema "mtoto anaharisha" akimaanisha ugonjwa. Kipeperushi kikisema "kuharisha husafisha mwili", mama huyo anaweza kuelewa kwamba ugonjwa wa mwanawe ni tiba, asimpe maji ya chumvi na sukari wala asimpeleke zahanati. Hapo tunapendekeza haluli, au "kuendesha tumbo kwa dawa" pale neno hilo lisipofahamika, na kila mara onyo la upungufu wa maji mwilini liambatane nalo.

Chuku nayo ina mtego wake. Kupiga chuku ni kuumika, lakini pia ni kuongeza maneno ili kuikuza habari. Tunapendelea kuumika, nako kutumike pale tu damu inapotolewa kwa pembe au kikombe. Mganga wa Ayurveda akitumia ruba, mfasiri aseme ruba.

Kwa dosha kuna kishawishi cha kuazima maneno ya tiba ya Kiarabu iliyofika pwani zamani: belghamu, safura na sauda. Tunashauri tahadhari. Safura asili yake ni nyongo ya manjano, lakini kwa Mswahili wa leo ni ugonjwa wa upungufu wa damu uletwao na minyoo. Mwenye kuifasiri pitta kwa safura atakuwa ameandika habari za minyoo. Nyongo vilevile ina hatari: mtu anayetapika manjano husemwa ana nyongo, hali huenda ana malaria. Afadhali vata, pitta na kapha zibaki kama zilivyo, zikifafanuliwa mara ya kwanza.

Panchakarma yenyewe inahitaji uangalifu. Katika mji wa barabarani kama Bomang'ombe, pancha ni tairi lililotobolewa. Na karma ikisomwa haraka huwa karama, neno lenye maana ya kipawa kitokacho kwa Mungu. Herufi dh katika shodhana nayo haitamkwi kama katika dhahabu, tungeandika shodana. Basti kwa Kisanskriti ni kibofu, kwa kuwa zamani dawa ilitiwa ndani ya kibofu cha mnyama. Anayefasiri kwa kufuata kamusi tu ataandika kwamba mgonjwa anatibiwa kibofu. Shirika la Afya Duniani lilitoa istilahi sanifu za kimataifa za Ayurveda mwaka 2022. Hiyo ni hazina ya kuanzia kazi, lakini haituandikii Kiswahili.

Tusisahau jina la jumla. Sheria yetu ya mwaka 2002 inataja Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kwa Mhindi wa Kerala, Ayurveda ni tiba asili. Kwa mkazi wa Hai, asili ni magome ya Mmasai na majani ya mlimani. Matini ya Kihindi isemayo "tiba yetu ya asili" ikifasiriwa neno kwa neno humfanya msomaji wetu adhani inatajwa tiba ya babu zake. Iandikwe "tiba ya jadi ya India".

Wako watakaotupinga kwamba watu wamekwisha kuzoea "kuondoa sumu", na kwamba mfasiri si askari wa afya. Watatukumbusha mwarobaini, mti uliotoka India ambao wananchi wenyewe waliupa jina lenye kuahidi kuponya maradhi arobaini, wala hakuna aliyelalamika. Hoja hiyo ina uzito. Lakini jina mwarobaini lilitolewa na watumiaji kwa kusifu, na kila mtu ajua kuwa ni sifa. "Tunaondoa sumu" hutolewa na muuzaji, husomwa kama maelezo ya kitaalamu, na hulipiwa fedha. Mfasiri si askari, ni kweli. Lakini yeye ndiye mtu wa mwisho kulishika neno kabla halijamfikia mgonjwa.

Kwa hiyo tunapendekeza "kusafisha mwili" kuwa tafsiri ya jumla, ikiambatana na maneno "kwa mujibu wa Ayurveda". Kila kitendo kitajwe kwa jina la kazi yake. Na neno sumu lihifadhiwe kwa sumu. Walimu walifundishe hivyo, na maafisa wanaopitisha mabango walidai hivyo. Mkulima wa Bomang'ombe anapolisoma neno hilo kwenye kopo au ukutani, lazima liwe na maana moja, kwa sababu huenda siku moja uhai wake ukategemea maana hiyo.