Keekee ya Betri: Uchambuzi wa Istilahi za Zana za Nyumbani

Zana zinazoendeshwa kwa betri si ngeni tena katika nyumba za watu wetu. Mwaka 1961 kampuni ya Black & Decker ya Marekani ilitoa keekee ya umeme isiyohitaji kuunganishwa na ukuta, ikitumia betri za nikeli na kadimi; na tangu mwaka 2005 betri za lithiamu zimekuwa zikichukua mahali pa zile za awali. Leo hata mtu asiye fundi hununua keekee ya namna hiyo ili atundike rafu, akaze bawaba za mlango au aunge kitanda cha mtoto. Pamoja na zana huja maelezo, na maelezo hayo yanapoandikwa kwa Kiswahili huja na istilahi zake. Katika makala haya tunakusudia kuchambua baadhi ya istilahi hizo kwa kipimo kimoja: je, msomaji atakayelifuata neno atanunua kifaa kinachomfaa, na atakitumia pasipo kuumia?

Istilahi ya kwanza ni "zana za nguvu". Hii ni tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza, na kosa lake ni kwamba katika Kiswahili inatoa maana iliyo kinyume. Kazi ya nguvu, kwa msemaji yeyote, ni kazi ya kutoa jasho. Kwa hiyo zana ya nguvu ingekuwa sururu, au nyundo kubwa ya kuvunjia mawe. Zana tunazozizungumzia zimebuniwa ili kumpunguzia mtu haja ya kutumia nguvu zake. Tunapendekeza "zana za umeme", kwa kuwa umeme ndio unaoziendesha, uwe umetoka ukutani au katika betri.

Istilahi ya pili ni "zana zisizo na waya". Sifa hiyo imekwisha kubebeshwa mzigo mwingine, kwani mitambo ya mawasiliano inayotumia mawimbi nayo huitwa isiyo na waya. Msomaji anayeikuta sifa ile ile kwa simu na kwa msumeno ana haki ya kudhani kwamba zana hizo mbili zinafanana kwa jambo fulani, na kumbe hazifanani. Aidha, kitu hueleweka upesi zaidi kikiitwa kwa kile kilicho nacho. Wasemaji walikwisha kutatua jambo hili zamani waliposema "redio ya betri" na "saa ya betri". Hatuoni sababu ya kuacha njia hiyo iliyonyooka: na iwe keekee ya betri, msumeno wa betri, bisibisi ya betri.

Neno "keekee" lenyewe linahitaji kutetewa. Wapo wanaosema kwamba "drili" limeenea madukani na kwamba keekee ni chombo cha kale kilichozungushwa kwa uta. Hoja ya kwanza ni ya kweli, wala hatukusudii kumkataza fundi kusema "drili". Hoja ya pili haina uzito. Kalamu nayo ilikuwa unyasi uliochongwa, na jina halikubadilika wino ulipoingizwa ndani ya chuma na plastiki. Lakini faida kubwa ya keekee ni kwamba haiji peke yake. Kamusi za mwanzoni mwa karne ya 20 zimetuhifadhia majina ya sehemu zake: kijembe, yaani chuma kinachotoboa, msukano, yaani mti ambamo kijembe hukazwa, jivu, yaani kishikio cha juu, na uta wa kuzungushia. Tukiishika "drili", itatubidi tutohoe na sehemu zake, na ile inayobana kijembe itakuwa "chaki", neno ambalo kila mtoto wa shule analijua kwa maana nyingine.

Hata hivyo, si kila neno la kale linafaa kufufuliwa. Uta umekwisha kazi yake, kwa kuwa mota ndiyo inayozungusha. Jivu litamfanya msomaji wa leo afikirie jiko; hapo "mpini" unatosha. Kijembe na msukano vinaingia katika chombo kipya bila kulazimishwa, na hivyo ndivyo vinavyostahili kusanifishwa.

Tatizo la tatu ni kubwa zaidi, maana linagusa mfuko wa mnunuzi. Zana mbili tofauti huitwa "keekee ya kugonga". Moja huzungusha kijembe huku ikikipiga kutoka nyuma kwenda mbele. Hiyo ndiyo ya kutoboa matofali na saruji. Nyingine hupiga kwa kuzunguka, yaani mapigo yake husukuma upande wa mzunguko. Hiyo imekusudiwa kukaza na kufungua parafujo ndefu, na kwa kawaida hupokea ncha zenye mkia wa pembe sita wenye upana wa milimita 6.35. Anayetaka kutundika kabati ukutani akapewa hii ya pili atashinda mchana kutwa bila kupata tundu. Kosa la istilahi hapa ni kuzipanga zana kwa sauti zinazotoa badala ya kuzipanga kwa kazi zinazofanya. Ya kwanza hutoboa, basi ni keekee, tunapendekeza "keekee-nyundo". Ya pili hukaza parafujo, basi ni bisibisi. Tunapendekeza "bisibisi ya mapigo".

Neno "nguvu" linarudi tena kuleta utata katika maelezo ya betri. Volti huitwa nguvu, na ampea-saa nazo huitwa nguvu. Kwa hiyo "betri yenye nguvu zaidi" ni maneno yasiyo na maana thabiti. Hebu tufanye hesabu. Betri ya volti 18 na ampea-saa 2 hubeba wati-saa 36. Betri ya volti 10.8 na ampea-saa 4 hubeba wati-saa 43.2. Ile yenye volti chache ndiyo yenye umeme mwingi zaidi ndani yake. Tunapendekeza ampea-saa na wati-saa zielezwe chini ya neno "akiba", na neno "volti" libaki lilivyo. Vile vile itofautishwe "volti ya kawaida" na "volti ya juu". Seli tano za lithiamu, kila moja ikiwa na volti 3.6, hufanya 18; zikiwa zimetoka kuchajiwa, kila moja hufikia volti 4 au zaidi kidogo, na ndipo makasha mengine huandikwa 20. Anayelipa zaidi kwa ajili ya tofauti hiyo amelipia namna ya kuhesabu.

La mwisho linahusu vidole vya watu. Maelezo mengi yamerithi kanuni ya zana za waya: chomoa plagi kabla ya kubadilisha kijembe au msumeno. Katika zana ya betri hakuna plagi, na msomaji atadhani kwamba kanuni hiyo haimhusu, au kwamba kuzima kunatosha. Kuzima ni kuachia swichi tu. Mkono ukiigusa tena kwa bahati mbaya, msumeno utazunguka. Kwa hiyo maelezo yaandikwe waziwazi: "chomoa betri". "Zima" na "chomoa" ni amri mbili, wala moja haiwezi kushika nafasi ya nyingine.

Tunawaomba wasomaji wetu, hasa mafundi seremala na walimu wa shule za ufundi, watuletee maoni yao juu ya mapendekezo haya kabla hayajapelekwa mbele kwa usanifishaji. Iwapo kijembe na msukano bado vinatamkwa katika karakana yoyote, tungependa kujua ni wapi, na kwa maana ipi.