Furaha na Heri katika Siku Njema ya Ken Walibora

Anwani ya Siku Njema (1996), riwaya ya Ken Walibora, inamkumbusha msomaji methali kwamba siku njema huonekana asubuhi. Hata hivyo, asubuhi ya Kongowea Mswahili ni ya giza: anakulia Tanga bila baba, mamake anafariki yeye angali mtoto, na hatimaye anafunga safari ndefu hadi Kitale kumtafuta mzazi aliyesalia. Ni rahisi kuichukulia Kitale kuwa ndiko furaha yake iliko. Makala haya yanadai kwamba usomaji huo una upungufu.

Katika Maadili ya Nikomako, Aristotle anaitofautisha raha ipitayo na kile tuwezacho kukiita heri, yaani kutenda kwa mujibu wa wema katika maisha mazima. Kwake, siku moja haimfanyi mtu kuwa mwenye heri. Lakini mwanafalsafa huyo huyo anaihesabu nasaba njema miongoni mwa mambo yanayoikamilisha heri. Kwa kipimo hicho, Kongowea ana kasoro tangu kuzaliwa, na asipompata babake hana lake.

Saikolojia ya kisasa inatufikirisha vingine. Mwaka 1978, Brickman, Coates na Janoff-Bulman waliwalinganisha washindi 22 wa bahati nasibu katika jimbo la Illinois, Marekani, na watu 22 wasioshinda. Washindi hawakuwazidi wenzao kwa furaha kwa kiasi cha maana, na mambo madogo ya kila siku yaliwapendeza kwa kiasi cha chini kuliko wenzao. Sampuli hiyo ni ndogo, ila inatuonya kwamba tukio moja kubwa, hata la kumpata baba, huenda lisiweze kuibeba heri ya mtu.

Jibu la riwaya limo katika usimulizi. Kongowea anajisimulia mwenyewe, akitazama nyuma. Anayeitambua asubuhi kuwa ya siku njema ni yule aliyekwisha kuuona mchana wake. Walibora, aliyezaliwa Bungoma na kukulia Trans Nzoia, anamleta mwana wa Tanga hadi kwao kutafuta nasaba. Lakini heri inajengwa njiani, kwa subira na kwa wema wa watu wasio jamaa.

Kwa hiyo methali hiyo isifundishwe kama bishara, bali kama hukumu ya anayekumbuka. Tukiifundisha vinginevyo, tutakuwa tunamwambia mwanafunzi yatima kwamba siku yake imekwisha kabla ya adhuhuri.