Suti ya Asubuhi, Sare ya Mchana

Kipindi cha Papa Shirandula, kilichorushwa na Citizen TV kwa zaidi ya miaka kumi, kilijengwa juu ya uongo mmoja. Mume, Papa, anaondoka nyumbani asubuhi amevaa suti, mkewe Wilbroda akiamini anakwenda ofisini. Akifika kazini ni soja, mlinzi. Waandishi wengi wa vichekesho huhangaika kutafuta kisa kipya kila wiki. Hapa siri ilibuniwa mara moja, ikaachwa izae visa.

Ufundi wake unaonekana vizuri zaidi ukitazamwa kutoka Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi. Aliyelelewa Makongeni, Shauri Moyo au Bahati anajua kwamba familia haina pa kujificha. Nyumba nyingi za kanjo na za reli zilijengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya wafanyakazi, chumba kimoja au viwili, bomba na choo vya kushirikiana. Jirani anajua nani amekopa unga dukani na nani ameshindwa na karo. Ploti za ghorofa za Kayole na Umoja hazikubadilisha mambo sana. Kamba ya nguo ni ya wote, na keateka ana masikio. Mwandishi akimpa mume siri ya chumbani, mtazamaji wa huko hataiamini. Kinachofichika ni kile mtu anachofanya tangu atoke mlangoni hadi arudi. Kila alfajiri watu hufuata Barabara ya Jogoo kwa miguu kwenda Industrial Area, na wengi wao hawajawahi kutembelewa kazini na mtu wa nyumbani. Siri ya Papa iliwekwa hapo hapo.

Kwa hiyo kipindi kina pande mbili, nyumbani na kazini, na yeyote anayevuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili ni hatari. Mke akitaka kumwona mumewe ofisini, kuna kisa. Binamu akitoka ushago kuomba atafutiwe kazi na "mkubwa", kuna kisa. Mlinzi mwenzake akipiga hodi Jumapili, kuna kisa, na hakihitaji maelezo, maana mtazamaji anajua kila kitu tayari: mlango ukigongwa tu, roho inamruka. Halafu uongo una gharama yake. Mwenye suti hutarajiwa kutoa mchango wa harambee wa mwenye suti, naye anatoa kwa mshahara wa soja. Sehemu hii ndiyo inayonigusa kuliko zote, kwa sababu watu wanaolipia heshima wasiyoimudu wako katika kila ploti.

Marekani ilijaribu kitu cha karibu mwaka wa 1955 katika The Honeymooners: dereva wa basi wa Brooklyn, mkewe, na chumba kimoja kilichobeba karibu kila tukio katika vipindi 39. Dereva huyo, Ralph Kramden, humficha mkewe Alice mipango yake ya kutajirika haraka, lakini kazi yake inajulikana. Mpango ukivunjika, kisa kimekwisha, na wiki ijayo lazima ubuniwe mwingine. Siri ya Papa haiishi.

Lakini siri isiyoisha ina mtego: mke asiyegundua kwa miaka huonekana mjinga. Jacqueline Nyaminde aliuruka mtego huo kwa jinsi alivyomcheza Wilbroda. Alimpa sauti ya kuamrisha, fahari, na mambo yake mwenyewe ya kushughulikia, hata unaona kwamba anamtaka mume mwenye suti kuliko anavyotaka ushahidi. Charles Bukeko, aliyemcheza Papa, naye alikuwa na mwili mkubwa, na mtu mkubwa anayejaribu kujificha huchekesha kabla hajasema neno. Jacky Vike, kama Awinja msichana wa kazi, alikuwa mfano kamili wa namna mhusika wa pembeni anavyoweza kukiteka kipindi: nyumba ikiwa ndogo, anayepita na sinia husikia yote.

Ninachokilaumu ni lafudhi. Mara nyingi mno kicheko kilitolewa na matamshi ya Kiluhya peke yake, wakati hali yenyewe ilitosha. Katika Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha KBC, Benson Wanjau, Mkikuyu, alimcheza Mzee Ojwang' kwa lafudhi ya Kijaluo, mkabala na Mama Kayai wa Mary Khavere, lakini alipokuwa katika ubora wake lafudhi ilikuwa nguo tu. Kilichochekesha ni hasira ya mzee anayeona amri yake haifuatwi nyumbani kwake. Wote wawili wametutoka: Wanjau alifariki Julai 2015, Bukeko tarehe 18 Julai 2020.

Sasa vichekesho vya familia ya mtaa vimehamia kwenye simu. Kijana mmoja anajifunga leso kichwani awe mama, anaivua awe baba, na dakika mbili zinatosha. Wapo wenye vipaji vikubwa, na masikio yao kwa Sheng ni makali kuliko ya runinga yalivyowahi kuwa. Lakini dakika mbili hazimpi mtazamaji nafasi ya kutunza siri ya mtu mwingine wiki baada ya wiki, akijua kitakachompata Wilbroda siku akifika kazini kwa mumewe. Kwa kazi hiyo unahitaji kipindi kirefu, nyumba moja, mahali pengine mbali nayo, na kituo kilicho tayari kulipa gharama za kurekodi pande zote mbili.