Kitumbua na Chuma Chake

Kitumbua ni mkate mdogo wa mchele uliosagwa, ukachanganywa na tui la nazi, ukaumuliwa, kisha ukamiminwa katika chuma chenye mashimo ya duara na kugeuzwa hadi uive pande zote mbili. Nje hutakiwa kiwe na ganda jembamba la kahawia, kavu kidogo ukingoni. Ndani kiwe laini, cheupe, chenye vitundu. Katika pwani ya Mtwara, kutoka Mikindani hadi vijiji vya maingilio ya mto Ruvuma, ni chakula cha asubuhi, na mwezi wa Ramadhani huhamia kwenye futari. Mezani kina washindani wengi: mihogo ya kuchemsha, maandazi, chapati, na ming'oko, viazi vya porini ambavyo watu wa Mtwara huvichimba na kuvichemsha na ambavyo mgeni wa mkoa huwa anaviona kwa mara ya kwanza. Ila hakuna kati ya hivyo kinachodai ustadi kama kitumbua. Muhogo humsitiri mpishi mzembe. Kitumbua humwumbua, kwa kuwa karibu kila jambo linaloamua ubora wake hutendeka kabla moto haujawashwa.

Kazi huanza na mchele. Mpunga wa sehemu hizi hulimwa katika bonde la Ruvuma, kwenye tambarare ambazo mto huzifunika kwa maji wakati wa mvua, kama vile upande wa Kitaya na Mahurunga. Mvua za kusini ni za msimu mmoja, kati ya Novemba au Desemba na Aprili au Mei, na mkulima wa bonde hilo hugombea mpunga wake na mafuriko, ndege na viboko. Mchele wa dukani nao hufika kutoka mikoa ya mbali kama Mbeya na Morogoro. Kwa kitumbua, mchele wa bei kubwa wenye harufu nzuri si wa lazima, na pengine ni israfu: hiliki na nazi zitaifunika harufu yake. Mchele uliokatikakatika, unaouzwa kwa bei nafuu, hufanya kazi ileile, maana utasagwa hata hivyo. Kinachotakiwa ni mchele mkavu, wa zamani kidogo, usionata.

Mchele hupetwa kwa ungo, huchambuliwa, kisha huoshwa mara kadhaa hadi maji yawe meupe kwa wanga peke yake. Mpunga uliopurwa chini hauachi kubeba chembe za mchanga, na chembe moja ikipita hapa hutokea tena chini ya jino la mlaji. Anayemharibia mwenzake riziki husemwa kuwa amekitia mchanga kitumbua chake. Waliotunga msemo huo bila shaka waliwahi kukitafuna.

Baada ya kuoshwa, mchele hulowekwa usiku kucha. Saa 8 zinatosha. Maji huingia hadi kwenye kiini cha punje, punje hulainika, na unga utokanao huwa mwororo. Palipo na umeme, mchele uliolowa husagwa kwa blenda pamoja na tui, na kwa dakika chache rojo huwa tayari. Njia ya zamani ni ndefu: mchele huchujwa, huanikwa kidogo hadi maji ya juu yakauke, hutwangwa katika kinu, na unga huchekechwa. Zinazobaki kwenye chekeche ni chenga, na hapo ndipo ulipo ujuzi ambao blenda imewasahaulisha wengi. Chenga hazitupwi. Hupikwa kwa maji au tui jepesi zikawa uji mzito, uji huachwa upoe, ndipo huvurugwa na unga uliobaki.

Uji huo una kazi yake. Unga wa ngano, ukikandwa na maji, hujitengenezea nyuzi za gluteni zinazovutika na kunasa mapovu ya hewa. Mchele hauna gluteni. Rojo la mchele mbichi peke yake ni maji yenye punje ndogondogo za wanga zinazoelea, na ukiliacha lisimame, unga hutuama chini na mapovu hupanda juu na kupotea. Wanga uliopikwa umekwisha kuvimba na kushika maji. Hulipa rojo uzito, huzuia unga usituame, na huyashikilia mapovu hadi moto utakapomalizia kazi. Bibi wa Mikindani aliyefundishwa na mamaye hakuhitaji kusomea kemia ya wanga ili ajue kwamba rojo lisilo na uji hutoa vitumbua bapa. Anayesaga kwa blenda anaweza kuipata faida hiyohiyo kwa kutia vijiko viwili au vitatu vya wali uliopoa.

Nazi hufuata. Mnazi uko kila mahali katika ukanda huu, Msimbati, Msangamkuu, Mikindani, ingawa ugonjwa wa minazi unaosababishwa na vimelea vya fitoplasma umeangamiza miti mingi katika pwani ya Tanzania bara. Nazi iliyokomaa hukunwa kwa mbuzi, hutiwa maji ya uvuguvugu, na kukamuliwa katika kifumbu au chujio. Tui la kwanza ni zito na lina mafuta mengi. Ndilo hubeba ladha. Tui la pili na la tatu hutumika kulainisha rojo lifikie kipimo chake. Mafuta ya tui hufanya ndani ya kitumbua pawe laini na huchelewesha kukauka kwake. Yakizidi, rojo huwa zito na huumuka kwa shida, na hili hutokea sana kwa wapishi wanaodhani kwamba kila kinachoongezwa nazi huongezeka utamu. Kwa vikombe viwili vya mchele, kikombe kimoja cha tui zito kinatosha, pamoja na sukari nusu kikombe, hiliki punje chache zilizotwangwa, na chumvi ya kubana kwa vidole. Sukari ina kazi mbili: hulisha hamira, na huleta rangi ya ganda. Kitumbua kisicho na sukari kabisa huiva kikiwa kimepauka.

Siku hizi hamira ni ya paketi, kijiko kimoja cha chai kwa kipimo kilichotajwa. Kabla ya paketi, pwani ilitumia tembo la mnazi. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, hukata ncha ya kole changa, na utomvu mtamu hudondoka ndani ya kibuyu. Utomvu huo huanza kuchacha ungali juu mtini, kwa sababu hamira za asili na bakteria wa asidi ziko tayari kwenye chombo na hewani. Tembo tamu la siku hiyo likitiwa katika unga huumua kwa taratibu na kuacha uchachu mwepesi ambao hamira ya dukani haiutoi. Njia nyingine ni kutunza masalio ya rojo la jana na kuyatia katika rojo la leo.

Uchachu huo una ndugu zake mbali. Huko Kerala, kusini mwa India, appam, mkate mwembamba wa mchele na nazi, kwa desturi huumuliwa kwa tembo la mnazi vilevile, na jirani zao wa Tamil Nadu wana paniyaram, inayopikwa katika chuma cha mashimo ya duara ambacho mwuzaji wa Mtwara angekitambua mara moja. Madagaska ina mofo gasy, ya mchele, inayoliwa asubuhi na kahawa. Pwani hizi zote zimeunganishwa na pepo za kaskazi na kusi na majahazi yaliyozifuata kwa zaidi ya miaka elfu, na mpishi ndani ya jahazi hasafiri bila chombo chake.

Mbali zaidi, Marekani, wafo za asubuhi, mikate bapa inayobanwa katika chuma, huumuliwa kwa njia nyingine kabisa. Maziwa chachu, yale yanayobaki siagi ikishasukwa, hukutanishwa na magadi ya kupikia. Asidi na magadi hutoa gesi ya kabonidayoksaidi papo hapo, na mpishi hana budi kuwahi chuma kabla gesi haijaisha. Katika mabishano hayo magadi hula sehemu kubwa ya uchachu wa maziwa. Kitumbua hakina haraka hiyo. Gesi yake hutolewa kidogokidogo na hamira inayokula sukari, na uchachu wake hubaki mdomoni.

Muda wa kuumua hautoki kwenye saa. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, joto la Mtwara hulipandisha rojo kwa saa moja au pungufu, na mpishi mwangalifu hupunguza hamira au hutumia tui lililopoa. Juni na Julai, kusi inapovuma na asubuhi zikawa na ubaridi, rojo lilelile huhitaji mara mbili ya muda huo na hufunikwa kwa nguo nzito au kuwekwa karibu na jiko. Dalili zinazoaminika ni za macho na pua: rojo limepanda karibu maradufu, juu limejaa vipovu, linanukia chachu bila kuwa kali. Likishachelewa hushuka katikati, na hapo halipandi tena vizuri. Uzito wake hupimwa kwa upawa: likimiminwa lishuke kwa mkondo usiokatika, mwepesi kuliko uji wa mgonjwa.

Chuma cha vitumbua huwa cha kusubu au cha alumini, kizito, chenye mashimo, aghalabu saba, sita yakilizunguka moja la kati. Uzito si urembo. Chuma kinene hushika joto na kuligawa, ili rojo baridi linapoingia lisikizimishe. Chuma kipya hakifai kupikia siku ya kwanza. Hupakwa mafuta, hupashwa hadi yatoe moshi, hupoa, hupakwa tena, mara kadhaa, hadi mafuta yagande kuwa utando mweusi usioshika chakula. Tangu hapo hakioshwi kwa sabuni wala kusuguliwa kwa mchanga. Hufutwa kwa kitambaa. Mwenye chuma kilichozoea huwa mgumu kukiazima, na ana haki: mikono miwili ya ugeni inatosha kukirudisha upya.

Moto ndio mtihani wa mwisho. Gesi asilia iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, na tangu mwaka 2015 bomba huipeleka hadi Dar es Salaam kuzungusha mitambo ya umeme. Vitumbua vya Msimbati, jirani na visima vya gesi hiyo, bado hupikwa sana kwa kuni, vifuu na mkaa. Kuni za mkoko huwaka kwa joto kali na la muda mrefu, lakini mikoko ya maingilio ya Ruvuma imo ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2000, na haikatwi kiholela. Mkaa uliokwisha kupata majivu mepesi juu ndio bora. Moto mkali huunguza ganda na kuacha ndani pabichi, penye utelezi. Moto hafifu hufanya rojo linywe mafuta kabla ganda halijafunga, na kitumbua hutoka kizito, kinachong'arisha vidole.

Kila shimo hutiwa nusu kijiko cha chai cha mafuta, ambayo huachwa yapate moto hasa, kisha rojo humiminwa hadi karibu na ukingo. Sauti ya mchirizo lazima isikike. Pasipokuwa na sauti, chuma hakijawa tayari. Joto hutanua gesi na kuamsha hamira kwa mara ya mwisho, kisha huiua, na wanga huganda ukiyafunga mapovu mahali pake. Ukingo unapokuwa wa kahawia, na juu vitundu vimefunguka lakini katikati pangali pana unyevu, ndio wakati wa kugeuza. Mwenye kuwahi humwaga rojo. Mwenye kuchelewa hupata upande wa pili usiokubali kuvimba. Chombo cha kugeuzia ni kijiti, uma, au spoki ya baiskeli iliyonyooshwa, ambayo kwa kazi hii haina mshindani. Hupenyezwa pembeni, huzungushwa kufuata duara la shimo, na kitumbua hupinduka chenyewe.

Chuma cha wafo, ambacho Cornelius Swartwout wa Troy, New York, alikipatia hataza Agosti 1869, kina bamba mbili zenye bawaba, na mpishi hugeuza chuma chenyewe. Cha vitumbua hakina kifuniko wala bawaba. Mkono ndio bawaba. Mwuzaji mzoefu hufuatana na mashimo kwa mzunguko, akimimina la kwanza wakati la saba linageuzwa, na ukimtazama utadhani hatazami.

Vitumbua huopolewa na kupangwa katika chujio au ungo ili mvuke utoke, si ndani ya chombo kilichofungwa, ambamo hutota. Baada ya kupoa kidogo huingia katika ndoo yenye mfuniko au beseni lililofunikwa kitambaa, na kuelekea Feri, kivukoni Mtwara mjini, ambako wavuvi na abiria wa Msangamkuu huvila kwa chai ya rangi, au kwenye vibaraza vya Magomeni na Chikongola. Visivyoisha huwa vigumu siku ya pili, kwa kuwa wanga wa mchele uliopoa hujifunga upya na kuyafukuza maji. Kuvirudisha katika chuma chenye moto mdogo, bila mafuta, huvilainisha kwa muda wa chai moja. Rojo lililobaki nalo hudumu hadi kesho yake likiwekwa mahali pa ubaridi, na huhitaji sukari kidogo kabla ya kupikwa, maana hamira imekwisha kula ya kwanza.