Uwanja wa Rede

Ukitaka kuujua ufundi wa mwalimu wa awali, mtazame watoto wanapogombana. Mwalimu ninayemsifu hapa ni mama wa makamo, anafundisha Tanga, na haki na wajibu huwafunza watoto wake kwa rede, mchezo wa kukwepa mpira huku ukijaza chupa mchanga.

Nilikuwapo mtoto mmoja alipopigwa mpira begani akakataa kutoka. Kelele zikapanda. Mwalimu mwingine angepuliza filimbi akate shauri. Huyu aliuokota mpira, akaukumbatia, akanyamaza. Mchezo ukasimama, na kila mtoto alitaka uendelee. Kisha akauliza, "Nani aliona?" Akajibu binti mmoja mdogo, mpole, ambaye wenzake hawakuwa na mazoea ya kumsikiliza: mpira ulidunda chini kwanza. Wakabishana, wakakubaliana kwamba uliodunda hauui. Mtoto akarudi kati kujaza chupa yake, na waliokuwa wameumwaga mchanga kwa kusukumana wakauzoa wenyewe. Mwalimu hakulitaja neno haki hata mara moja.

Sisi wa zamani tulisomeshwa na kombolela, mchezo wa kujificha na kutafutana. Wenzako wote wamekamatwa, wamepangwa kando ya kopo, umebaki peke yako nyuma ya rundo la makuti. Ungeweza kukaa hapo salama hadi maghribi. Lakini unawaona wanavyoangaza macho huku na huku wakikutafuta, kwa kuwa ni wewe tu unayeweza kulibutua kopo wakawa huru. Hakuna aliyekulazimisha, nawe unachomoka mbio, kifua kinadunda. Ukikamatwa, hakuna anayekulaumu. Ukijificha tu mpaka mwisho, kesho hupangwi. Sijapata kusomeshwa wajibu kwa undani kuliko huo, na nimekaa madarasani miaka mingi.

Wanasheria nao waliona kwamba mtoto ana haki na wajibu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unampa mtoto haki ya kupumzika na kucheza katika ibara ya 31. Mkataba wa Afrika wa 1990 kuhusu mtoto una ibara ya 31 pia, nayo inataja wajibu wa mtoto kwa familia yake, jamii yake na wakubwa zake. Uwanjani, ibara hizo mbili huchezwa kwa pamoja.

Leo haki zimebandikwa ukutani kwa rangi nzuri, na watoto wa miaka mitano wanazikariri kwa sauti moja huku wamekatazwa kuinuka kwenye madawati. Jioni wana tuisheni. Viwanja vya mitaani vimegeuka fremu za maduka, na tuliviuza sisi wenyewe, watoto wa kombolela.

Wazazi wa shule ya yule mwalimu wa Tanga wanamtaka apunguze rede, aongeze mitihani ya majaribio. Anabishana nao kila kikao. Namwombea ashinde, maana amekaribia kustaafu, na sijamwona anayejifunza kwake namna ya kuushika mpira na kunyamaza.