Tufaha Lenye Virusi

Kazi ya muhula iko kwenye kompyuta, siku ya kuikusanya imefika, na mdahalo wa wagombea urais wa serikali ya wanafunzi nao umekaribia. Ndipo mdukuzi anayejiita Tufaha la Sumu anapoivamia mashine ya Sydney na kufuta kila kitu. Sydney anakwenda maktaba kuanza upya. Anaandika usiku kucha, usingizi unamchukua palepale mezani, na mdahalo unawadia yeye hayupo.

Hiyo ni Sydney White, filamu ya vichekesho ya mwaka 2007 iliyoandikwa na Chad Gomez Creasey na kuongozwa na Joe Nussbaum, Amanda Bynes akiwa Sydney. Ni ngano ya Snow White ya akina Grimm iliyohamishiwa chuo kikuu cha kubuni huko Marekani. Ilitengenezwa kwa dola milioni 16.5 na mauzo ya tiketi hayakufika milioni 14, kwa hiyo si filamu ya kujivunia mbele ya wahasibu. Mimi naifungua kama fundi saa anavyofungua saa ya mwenzake, nione meno yanavyoshikana.

Na yanashikana, walau mahali pawili. Kioo cha malkia kimekuwa ukurasa wa intaneti ambako wanafunzi hupiga kura nani mrembo zaidi chuoni. Rachel Witchburn, kiongozi wa nyumba ya wasichana ya Kappa na rais wa wanafunzi, huufungua kuhakikisha bado yuko juu. Kioo cha ngano kinatisha kwa sababu hakihongeki. Kura za ukurasa nazo hazimwogopi malkia, na jina la mgeni linapoanza kupanda hahitaji mtu wa kumwambia. Kazi ni ileile, kifaa kimebadilika tu.

Mahali pa pili ni mama wa kambo. Katika toleo la kwanza la Grimm, la 1812, malkia alikuwa mama mzazi. Katika toleo la 1819 wakamgeuza kuwa wa kambo. Creasey amepita katikati. Mama yake Sydney amefariki, na enzi zake alikuwa mmoja wa wasichana wa Kappa. Binti anakwenda kwenye nyumba ya mama yake, na nyumba hiyohiyo inamtupa nje. Hapo huhitaji uchawi. Aliyewahi kufukuzwa na ndugu wa marehemu anaelewa bila kuelezwa.

Ule usingizi wa maktaba nao umefungwa vizuri: tufaha linafuta kazi, kazi iliyofutwa inaleta mkesha, mkesha unaleta usingizi. Kijana anakuja, anambusu, Sydney anaamka. Busu hilo halimo kwa Grimm. Kwao wabeba jeneza wanajikwaa na kipande cha tufaha kinamtoka binti kooni. Ni Disney, 1937, aliyetuzoesha busu. Filamu imemfuata Disney, na si vibaya, maana mtu aliyesinzia juu ya vitabu huamshwa na chochote.

Inapolegea ni pale inapopamba badala ya kujenga. Kijana anaitwa Tyler Prince. Adui anaitwa Witchburn. Ni kama mpishi anayebandika karatasi juu ya sufuria imeandikwa "wali". Vibeti saba wamekuwa wanafunzi saba wasio na nafasi kwa wenzao, wanaoishi kwenye nyumba chakavu ambayo Rachel anataka ibomolewe. Kila mmoja amepewa tabia ya kibeti mmoja wa Disney, na wengine hawapewi zaidi ya hiyo. Embele, mwanafunzi kutoka Afrika, kazi yake kubwa ni kusinzia kwa sababu hajazoea saa za Marekani. Muhula mzima! Uchovu wa safari ya ndege haudumu hivyo hata kwa mzee.

Kubwa zaidi, mgodi umepotea. Vibeti wa Grimm ni wachimbaji: asubuhi wanapanda milimani kutafuta madini, jioni wanarudi. Kazi ndiyo inayomwacha binti peke yake mchana, na upweke huo ndio unaomfungulia malkia mlango. Ukiondoa mgodi, vibeti wanabaki watu wa kuchekesha tu.

Sisi wa Singida tungekuwa wa mwisho kuusahau. Lugha yetu imeshamaliza nusu ya kazi: watu hao tunawaita wachimbaji wadogo. Dhahabu ya Sekenke, Iramba, ilichimbwa tangu enzi za Mjerumani, na mwaka 1916, katikati ya vita, ndiyo iliyopigwa kuwa sarafu za rupia 15 zenye tembo kule Tabora. Niwekee binti wa chuo aliyefukuzwa hosteli, amepanga chumba kwenye uwanja mmoja na wachimbaji wadogo saba wanaotoka alfajiri na kurudi na vumbi la mawe kwenye kope. Mchana uwanja hauna mtu, na anayebisha hodi ni rafiki wa juzi.

Tufaha lake ninalijua pia. Mwanafunzi wa hapa mjini anaandika kwa kompyuta ya kuazima, anahifadhi kwenye flashi, anakwenda steshenari kuprinti. Anaichomeka, na folda zote zimegeuka shotikati, kila moja kilobaiti moja au mbili. Ilinikuta na kurasa 18, saa moja kabla ya kukusanya, muuza steshenari akiniuliza kwa upole kama nataka rangi au nyeusi. Hiyo ndiyo sumu yetu: ndogo, inakaa kiganjani, na anayekupa anaweza kuwa anakusaidia kweli.

Waliokulia kwenye vibanda umiza wanaijua kazi hii ya kuhamisha hadithi kwa jina la tafsiri. Derek Mukandala, yaani Lufufu, hakufuata maneno ya filamu za kigeni moja baada ya jingine. Aliisimulia filamu upya mpaka ikawa ya kwetu. Alikuwa na sauti yake tu. Vijana wa leo wana kamera kwenye simu. Atakayejaribu Snow White ya Singida aanzie Sekenke, kioo atakikuta kwenye grupu la darasa.